Kazi ya mama, kwa penseli

Mwezi uliopita tulimzika mwenzangu, mke wa padri wa Kianglikana kama mie. Kijana mwenye sauti nzuri alisimama kusoma wasifu wake, na kabla sijaitoa miwani mkobani umeshakwisha. Alizaliwa, akabatizwa, akaolewa, alimtunza padri, alikuwa mkarimu kwa wageni, ameacha watoto na wajukuu. Basi! Mwanamke aliyeshona kwa mkono mavazi ya misa ya makanisa matatu, aliyejua nani mtaani hajapika tangu jana kabla mwenyewe hajasema, ati mkarimu kwa wageni. Niliporudi nyumbani nikamwambia mjukuu wangu: wangu nauandika mwenyewe, na nauandika sasa, kichwa kingali kinakwenda. Yeye ndiye anayenipigia haya kwenye kompyuta yake. Mkiona herufi imekosewa ni yake. Mie nimepiga taipu tangu kabla ya Mapinduzi, na wazee wa kanisa ni mashahidi, wale waliobaki.

Nimezaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1939. Wageni wakienda Mbweni siku hizi wanakwenda hoteli, na ndani ya eneo la hoteli mna magofu ya skuli ya wasichana ya misheni, ile aliyoiongoza Bibi Caroline Thackeray. Bibi yangu mzaa mama alisoma humo. Mama yake yeye ndiye aliyeletwa: mtoto mdogo aliyetolewa kwenye jahazi lililokamatwa baharini na manowari ya Waingereza, akakabidhiwa misheni. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa 1873 kwa mkataba wa Seyyid Barghash, lakini biashara yenyewe iliendelea kwa magendo miaka mingi, na watoto kama yeye wakajazana kwenye shamba la misheni Mbweni. Jina alilopewa na mama yake mzazi hatulijui. Lililoandikwa ni la ubatizo na, pembeni yake, neno moja: Myao. Ukoo wetu wote unaanzia hapo, kwenye neno moja la karani aliyekuwa na haraka zake.

Taipu nilifundishwa na masista, wa lile shirika aliloliasisi Askofu Frank Weston mwaka 1911. Sista alinifunika mikono kwa kitambaa nisitazame herufi, akawa anagonga meza kwa rula nifuate mapigo. Nikimkosesha mpigo, tunaanza upya ukurasa. Nilichukia, sikatai. Niliolewa 1959 na mwalimu wa dini ambaye baadaye alipelekwa Hegongo, kule upande wa Muheza, kusomea upadri. Akarudi ana kola shingoni na mwandiko usiosomeka na binadamu. Barua yake ya kwanza kwa askofu ilirudishwa na maombi ya heshima kwamba iandikwe tena. Nikaiandika tena, kwa taipu. Na huo ndio mkutano ulionichagua kuwa karani wa kanisa, hakukuwa na mwingine.

Mshahara? Wazee waliliweka suala hilo kwenye ajenda, wakalizungumza mpaka adhana ya magharibi, mwisho mmoja wao akasema mke wa padri malipo yake yako mbinguni. Nikasema amina, nikaandika kwenye muhtasari kama alivyosema, neno kwa neno, pamoja na jina lake. Mwaka wa pili nilianza kupewa posho ya sabuni.

Mashine yetu ilikuwa Imperial, nyeusi, nzito, imekwishatumika na wamisheni hata herufi zimelika. Anayepiga Kiswahili atanielewa: kwenye mashine iliyotengenezwa kwa Kiingereza, *a* hufa mapema kuliko zote, na *x* na *q* hubaki zinang'aa kama meno ya mtoto. Matangazo ya Jumapili tulikuwa tunayatoa kwa stensili. Unaondoa utepe wa wino, herufi inapiga karatasi ya nta moja kwa moja na kuitoboa. Ukipiga kwa hasira, tumbo la *o* linatoka lote, na likitoka, kwenye karatasi mia unapata mia za doa jeusi mahali pa *o*. Ndiyo maana mkigombana ndani ya nyumba Ijumaa usiache stensili kwa Jumamosi, au sivyo waumini wote watajua. Padri alijifunza kusoma ugomvi wetu kwenye matangazo. Akiona *Komunyo* ina madoa mawili, anaingia jikoni kwa upole.

Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964 tulisikia risasi kutoka upande wa kambi ya polisi ya Ziwani. Kulipokucha ilikuwa Jumapili, ya kwanza baada ya Epifania. Padri akavaa, akafungua mlango wa kanisa, akasoma misa. Daftari la ibada bado lipo na mstari wake unasomeka, maana niliuandika mie: walioshiriki 2, sadaka hakuna. Wawili hao ni yeye na mie, na mtoto mgongoni ambaye hahesabiwi. Mengi ya siku zile nayajua, na mengine yamo kwenye daftari la maziko. Hapa siyaandiki.

Mwezi wa Septemba mwaka ule ule elimu ikatangazwa bure, skuli za misheni zikawa za Serikali, na misheni niliyokulia ndani yake ikapungua ikawa kanisa na nyumba ya padri. Wengi walihuzunika. Mie sikuhuzunika sana, wanangu walisoma bila ada.

Halafu tukahamishiwa Pemba, Wete. Kutoka Unguja ni usiku baharini, na mie nilikuwa nikitapika tangu bandarini Malindi kabla meli haijang'oa nanga. Waumini tulikuwa haba: polisi, wauguzi, walimu kutoka bara, na katika msimu wachumaji wa karafuu, ambao walikuja wakaondoka na mvua. Wakati wa msimu Wete nzima inanuka karafuu, majamvi yameanikwa hadi ukingoni mwa barabara, na hakuna mtoto skuli, wote wako mitini. Jumapili moja mwanamke mmoja, mchumaji, akaja mbele wakati wa matoleo akafungua pembe ya kanga yake, akamimina kwenye sahani kibaba kizima cha karafuu kavu. Mhazini alitoka jasho. Siku zile karafuu zote zilikuwa za kuuzwa kwa Serikali tu, na kukutwa nazo mahali pasipo pake ni magendo, na magendo ya karafuu halikuwa kosa la kutozwa faini ukaenda zako. Padri akaangalia sahani, akaniangalia mie. Nikazirudisha kwenye kanga, nikamfungia fundo, nikamwambia: mwanangu, Mungu amekwishazipokea, sasa zipeleke kituoni zikapimwe pamoja na nyingine. Jumapili ya pili akaleta senti zake. Nikamwandikia risiti, ingawa hakujua kusoma. Aliikunja akaitia kifuani.

Ile miaka ya foleni, mwanzoni mwa miaka ya 1970, tulikuwa tumerudi Unguja. Mchele wa foleni, sukari ya foleni, unga wa ngano ukiupata umepata. Hostia, ule mkate wa Komunyo, nilikuwa nachoma mwenyewe kwa kile chuma cha mikono mirefu chenye msalaba ndani, na unga wake nilikuwa nauweka chumbani chini ya kitanda ndani ya mkebe wenye kufuli. Watoto walijua. Walikuwa hawaugusi, lakini nikimaliza kukata viduara wanakuja wote bila kuitwa, wanagawana zile pembe zilizobaki, nyembamba, hazina chumvi wala sukari, wanazitafuna kama biskuti za dukani kwa Muhindi. Mwanangu mkubwa leo ni mzee mwenye kisukari, na akija bado ananiuliza kama zile pembe zipo.

Nikikumbuka hiyo miaka sikumbuki tulikula nini, nakumbuka tulikula na nani. Ukuta wetu na wa jirani ulikuwa mmoja. Ramadhani nilikuwa sikaangi kitu mchana, si kwa kuogopa mtu, lakini harufu ya kitunguu haina dini na aliyefunga ana pua. Jioni sinia ya futari inapita dirishani, tambi, mihogo ya nazi, uji wa mtama. Krismasi zamu yetu. Kuku tulifuga wenyewe, na asubuhi ya tarehe 24 Padri anawakamata, na mtoto wa jirani anakuja kuchinja, ili wote tule. Mwaka mmoja yule kijana alikuwa na homa. Padri akamwendea imamu wa msikiti wa mtaani, wakakaa barazani wakajadili chakula cha Watu wa Kitabu kwa aya na hoja mpaka kahawa ikamalizika. Imamu akasema: mie kwa upande wangu, Padri, ukichinja weye nitakula, lakini wakeze jirani yako hawatakula, na hao ndio wanaopika. Akachukua kisu, akaja akachinja mwenyewe. Kuku sita, kanzu nyeupe, na hata tone halikumrukia.

Majina yetu pia yaliwatatiza watu wa bara. Dayosisi yetu ilikuwa moja na Tanga, kwa hiyo nusu ya barua zangu zilikuwa za kuvuka bahari. Ofisi moja ya bara iliyokuwa ikituchapishia vyeti vya Kipaimara iliniandikia, kwa adabu kabisa, kuuliza kama orodha niliyopeleka haikuchanganyika na ya chuo cha Kurani: kina Juma, Mabruki, Feruzi, Ramadhani. Nikajibu mistari miwili. Majina ni sahihi. Askofu wetu naye ni Ramadhani. Na ndivyo: John Ramadhani, mtoto wa Unguja, alikuwa askofu wetu tangu 1980 na Askofu Mkuu wa Tanzania tangu 1984 hadi mwishoni mwa miaka ya 1990. Na Augustino Ramadhani, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Tanzania tangu 2007 hadi 2010, alipostaafu akapewa upadri. Vyeti vilikuja.

Sasa nije kwenye daftari la ubatizo, maana hilo ndilo lililonikalisha kuandika.

Daftari la ubatizo ni kubwa, linafunguka likajaa meza. Juu ya ukurasa safu zimechapwa tayari: namba, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kubatizwa, jina, jina la baba, jina la mama, mahali wanapokaa, kazi ya baba, wadhamini, padri. Someni tena. Kazi ya baba ipo. Ya mama haipo. Kwenye madaftari ya zamani zaidi hata jina lake wakati mwingine halipo, karani kaandika "na mkewe" akageuza ukurasa. Nilijaza safu hizo miaka, hamali, hamali, baharia, mpishi, askari, bila kuwaza. Mpaka siku moja mama mmoja kaleta mtoto, mikono yake imechanika vidoleni kwa ukili, mikeka yake ndiyo tuliyokuwa tumeikalia kanisani siku ile ile, mumewe hajafanya kazi tangu ajeruhiwe bandarini. Nikamuuliza kazi ya baba. Akasema hana. Nikaandika hana. Na yeye kasimama pale mbele yangu.

Nikachukua penseli, pembeni kabisa, nje ya mstari wa mwisho, nikaandika: mama, mshona ukili.

Tangu hapo sikuacha. Mama, mkunga. Mama, muuza maandazi Mlandege. Mama, mfuaji. Mama, mchuma karafuu. Mzee mmoja wa kanisa aliliona, akaniambia lile ni daftari la sheria, halichorwichorwi. Nikamwambia ni penseli tu, akitaka alete raba afute. Hakuwahi kuleta raba.

Mtoto wangu wa mwisho alipobatizwa, nilijaza safu zote kama kawaida, kazi ya baba: padri. Pembeni nikasita. Nikaandika haraka, mama, karani, nikafunga. Miezi baadaye nilifungua ukurasa ule kutafuta kitu kingine nikaikuta imepitiwa kwa wino. Wino umetapakaa na *k* haisomeki, kwa hiyo nilijua ni mkono wa nani. Hatukulizungumza. Yeye alikuwa hivyo, mahubiri yake marefu, nyumbani maneno ya kuhesabu.

Watu walikuwa wanadhani karani wa kanisa kazi yake ni matangazo. Kazi yake kubwa ni mlangoni, Jumatatu mpaka Ijumaa, watu wanataka karatasi. Wengi wa rika letu hawakuwahi kuandikishwa kuzaliwa kwao serikalini, na ushahidi pekee wa umri wao ni mstari mmoja kwenye daftari la kanisa. Wanataka pasi, wanataka kustaafu, wanataka kuoa. Vilipoanza vitambulisho vya Mzanzibari Mkaazi nilipiga vyeti mpaka vidole vikavimba. Walikuja na waliosilimu miaka mingi, wanaingia kwa aibu, wanasema Bi Padri, samahani. Nawaambia samahani ya nini, uliandikwa humu, humu umo, kaa nikutafute, chai ya mkandaa hiyo hapo.

Na akaja mtu mmoja kutoka Dar es Salaam, mtu mzima mwenye mvi, amelelewa na watu baki baada ya mama yake kufa. Anataka cheti chake. Nikatafuta, nikapata watoto wawili mwaka mmoja, jina moja. Baba zao wote Juma, wote mahamali wa Malindi. Mama zao wote Maria, kwani misheni nusu ya wanawake walikuwa kina Maria. Tarehe ya kuzaliwa hakuijua. Mwandishi mwingine angemwambia chagua, au angemrudisha. Nikateremsha miwani pembeni. Mmoja: mama, mfuaji. Wa pili: mama, muuza samaki wa kukaanga, Darajani. Nikamuuliza, unamkumbuka mama yako vipi? Akasema sikumbuki uso. Nakumbuka nikiwa nimekaa chini ya meza na mafuta yanaruka. Nikamgeuzia daftari, nikamwekea kidole kwenye penseli yangu. Alisoma midomo ikicheza, kisha akaomba kutoa kopi ya ukurasa, si cheti, ukurasa wenyewe. Kopi haikutoa penseli vizuri, ikatoka nyeupe mahali pale. Nikachukua kalamu nikamwandikia juu ya kopi kwa mkono wangu, nikagonga muhuri. Sijui kama ni halali.

Baadaye wakaleta kompyuta na kijana wa kuiendesha, mie nikaambiwa nipumzike. Nikapumzika. Kisha Desemba 2009 umeme ukakatika Unguja yote, hitilafu ya waya wa baharini unaotuletea umeme kutoka bara, na haukurudi mpaka Machi 2010. Wenye jenereta walipiga kelele, wasio nazo tulikaa kizani. Krismasi inakuja na kijana wa kompyuta anatazama kioo cheusi. Wiki ya pili akaja nyumbani na boflo mbili mkononi, akauliza kwa sauti ndogo: Bibi, ile mashine ya taipu ilitupwa? Haikutupwa. Ilikuwa chini ya kitanda changu, pale pale palipokuwa na mkebe wa unga. Krismasi ile na vyeti vyote vya miezi ile vimetoka kwenye Imperial, na *a* zake zimelika, na hakuna ofisi iliyovikataa.

Miaka ya 2012 na 2013 ilikuwa mibaya. Makanisa yalichomwa, watu waliumizwa, sitaki kuyarudia. Nitasema tu kwamba usiku wa vurugu za kwanza mke wa jirani, mjane kama mie kwa wakati ule, alikuja na godoro lake akalitandika sebuleni kwangu, akasema wakija watanikuta mie kwanza. Akalala akakoroma mpaka alfajiri. Mie ndiye niliyekesha.

Nimesema mjane. Padri alikwenda 2006, usingizini, Mungu amrehemu. Kijana alitaka kuniondolea kazi, akasema Bibi, lile daftari la maziko nitalijaza mie. Nikamwambia lete hapa. Jina, umri, mahali pa kuzikwa Mbweni, kazi padri. Mstari mmoja tu, kama wa wengine wote, kwa wino, kwa mwandiko wa kusomeka. Pembeni sikuandika kitu.

Sasa wanayaingiza madaftari yote kwenye kompyuta, na kijana amenirudisha, kwa kuwa miandiko ya wamisheni haisomi na ya Padri haisomi mtu yeyote duniani isipokuwa mie. Tunagombana sana. Yeye anasema programu yake haina mahali pa kutia maneno ya pembeni. Mie nasema basi atafute programu nyingine. Juzi amekuja amenuna, ameongeza safu. Ameiita "Maelezo". Nimemwambia aibadilishe jina, na hatuendelei mpaka ibadilishwe. Imebadilishwa.

Kwa hiyo, tangazo. Kama weye, au mama yako, au bibi yako alibatizwa kwetu na kazi yake unaijua, njoo utuambie, hasa wa kabla ya miaka ya 1960, ambao pembeni kwao kuko tupu. Hata kama ni moja tu, hata kama alikuwa akiuza mchicha. Njoo Jumanne au Alkhamisi asubuhi. Jumatatu usije, Jumatatu niko kliniki ya presha, na kijana peke yake atakuandikia "na mkewe".